Douglas Nicholls, Mcheza Mpira Aliyekuwa Mchungaji

Hapa shuleni tukisema mpira, kila mtu afahamu kuwa ni ule wa miguu, wenye wachezaji 11 kila upande na mlinda mlango mmoja. Lakini katika sehemu za kusini za Australia, hasa mji wa Melbourne, mtu akisema mpira ana maana nyingine kabisa. Nataka kuwaeleza ninyi wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliotutangulia hapa, habari za mtu mmoja aliyeucheza mpira huo wa Australia hata jina lake likavuma, kisha akawa mchungaji wa kanisa, na mwisho akawa Gavana. Alikuwa mtu mweusi, mwenyeji wa asili wa nchi ile, katika siku ambazo mtu wa namna yake hakuwa na sauti yo yote katika nchi ya babu zake.

Kwanza yafaa tuuelewe mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatujauona. Sheria zake ziliandikwa kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1859. Uwanja wake hauna pembe, ni wa duara refu kama yai, na mpira nao una umbo la yai kama ule wa raga. Kila upande una wachezaji 18 uwanjani. Katika kila mwisho wa uwanja zimesimamishwa nguzo 4, hazina mwamba wala wavu. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya zile nguzo mbili ndefu, timu yako hupata pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na ile fupi iliyo kando yake, mwapata pointi 1 tu. Mchezaji aweza kukimbia na mpira mikononi, lakini kila baada ya mita 15 lazima audundishe chini au auguse ardhi. Kuurusha ni mwiko. Akitaka kumpa mwenzake, huushika kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Na mtu akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mbali kabla haujaanguka, hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Ndiyo sababu wachezaji huruka juu sana, hata wengine hupanda mabegani mwa wapinzani wao kama watu wakwepao chui. Hakuna ofsaidi. Wenye kupenda kubishana na refa hapa kwetu watahuzunika kusikia hivyo.

Kwa kuwa mambo mengi hutendeka juu hewani, utadhani mchezo huu ni wa watu warefu peke yao. Douglas Nicholls alikuwa na kimo cha futi 5 na inchi 2. Alicheza winga. Warefu waligombania mpira juu, naye alingoja chini pale ambapo ungeanguka, akauokota, akaondoka nao. Walioshuhudia walisema mbio zake na kuruka kwake vilikuwa vya ajabu kwa mtu wa kimo kile.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 mahali paitwapo Cummeragunja, kando ya mto Murray, upande wa jimbo la New South Wales. Watu wake ni Wayorta Yorta, ambao nchi yao ni bonde la mto ule. Kijiji kilianza kwa kazi ya misheni, kisha kikawa chini ya halmashauri ya serikali iliyojiita ya kuwalinda wenyeji. Ulinzi huo ulikuwa wa namna gani? Meneja alikuwa na amri juu ya watu. Aliweza kumfukuza mtu kijijini, hata kama alizaliwa pale. Watu walipewa posho ya chakula. Na watoto waliweza kuchukuliwa kutoka kwa wazazi wao wakapelekwa mbali kufundishwa kazi za nyumbani, ili baadaye wawe watumishi wa Wazungu. Mwaka 1915 sheria ya jimbo iliongezwa nguvu, hata halmashauri haikuhitaji tena kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba mtoto ametupwa au hatunzwi. Douglas alipokuwa mtoto wa miaka kama minane, polisi walifika wakamchukua dada yake Hilda, msichana wa miaka 16, wakampeleka katika nyumba ya wasichana huko Cootamundra. Hakulisahau jambo hilo.

Jambo moja jema la kijiji kile lilikuwa shule. Mwalimu wake, Thomas Shadrach James, hakuwa Mzungu wala mwenyeji wa Australia. Alizaliwa katika kisiwa cha Mauritius, katika bahari hii yetu ya Hindi, na wazazi wake walikuwa na asili ya Kitamil. Alioa binti wa Kiyorta Yorta akakaa kijijini miaka mingi. Ukiyachunguza majina ya viongozi wa kwanza waliodai haki za wenyeji wa kusini mashariki ya Australia, utaona wengi walipita mikononi mwa mwalimu huyo mmoja, katika shule ambayo haikutazamiwa kumfikisha mtu mbali. Mimi nafikiri mwalimu James astahili makala yake peke yake, lakini leo tumwache. Nicholls alitoka shuleni akiwa na umri wa miaka kama 14, akaenda kufanya kazi za mkono: kwa wakata manyoya ya kondoo, alipaka lami jeraha za kondoo waliokatwa na mikasi, kisha kazi za kuchimba mifereji ya mto Murray.

Huku akifanya kazi alicheza mpira katika timu za vijijini. Mwaka 1927 akaenda Melbourne kujaribu bahati yake katika klabu ya Carlton, mojawapo ya klabu kubwa za ligi. Alifanya mazoezi nao kwa majuma kadhaa. Sasa, katika klabu hizo kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kuwakanda wachezaji miguu kwa mafuta kabla na baada ya mchezo. Yasimuliwa kwamba wakandaji wa Carlton walikataa kumgusa kwa sababu ya rangi yake. Hakuchukuliwa. Yule aliyekuwa tayari kukimbia kwa ajili ya klabu hakuweza kupata mtu wa kumpaka mafuta.

Akaenda Northcote, klabu ya ligi ya pili, wakampokea. Mwaka 1929 Northcote walitwaa ubingwa naye akiwa mmoja wa nyota wao. Mwaka huo huo alishinda mbio mbili za kulipwa katika miji ya Nyah na Warracknabeal, mbio ambazo watu walizisafiria kutoka mbali kuja kuzitazama na kuchezea kamari. Mwaka 1931, siku zile za ukosefu wa kazi duniani kote, alijiunga na kundi la mabondia la Jimmy Sharman lililozunguka katika maonyesho ya wakulima, ambapo kijana ye yote wa mji aliweza kupanda jukwaani kupigana na bondia wa kundi kwa kutumaini fedha. Mfikirieni huyu, mtu mfupi ambaye baadaye angesimama mimbarani, akipigana ngumi chini ya turubai ili apate chakula.

Mwaka 1932 klabu ya Fitzroy, iliyokuwa katika ligi kubwa, ikamwita. Siku za kwanza katika chumba cha kuvalia alijitenga akaketi pembeni peke yake, maana ya Carlton hayajamtoka moyoni. Hapo ndipo Haydn Bunton alipokwenda kuketi karibu naye na kumfanya rafiki. Bunton hakuwa mtu mdogo. Alitunukiwa medali ya mchezaji bora wa ligi mara tatu, mwaka 1931, 1932 na 1935. Mtu kama huyo akikaa karibu nawe, wengine watasema nini? Nicholls aliichezea Fitzroy michezo 54 hata mwaka 1937. Mwaka 1935 alichaguliwa katika timu ya jimbo la Victoria, naye akawa mwenyeji wa asili wa kwanza kupata heshima hiyo. Kisha akarudi Northcote, magoti yakamshinda, akaacha kucheza mwaka 1939. Mwaka 1947 alirudi tena Northcote kuwa kocha.

Je, aligeukaje kuwa mhubiri? Mama yake, Florence, alikuwa mwanamke wa sala, na Cummeragunja watoto walilelewa katika dini. Lakini kijana mjini, mwenye sifa na marafiki wengi, huenda mbali na mafundisho ya mama yake. Jambo hili halihitaji maelezo kwa wasomaji wa gazeti hili. Mama alipofariki, Nicholls aliyarudia aliyofundishwa, akabatizwa katika kanisa la Northcote la madhehebu ya Churches of Christ. Baada ya hapo alianza kualikwa kusema makanisani. Tusijidanganye juu ya sababu ya mialiko ile ya kwanza. Hawakumwita kwa elimu yake ya dini, kwani hakuwa nayo. Walimwita kwa kuwa watu waliomshangilia Jumamosi walitaka kumwona Jumapili. Naye aliliona hilo vizuri. Walikuja kumtazama mcheza mpira, naye akawaambia habari za watu wake waliokaa kando ya mto katika vibanda vya mabati.

Aliyemwonyesha njia hiyo ni mzee wa ukoo wake, William Cooper. Mzee Cooper alihama kijijini akiwa amepita miaka 70, kwa sababu aliyekaa chini ya posho ya serikali hakuweza kupata pensheni ya uzee. Akiwa Melbourne, katika nyumba ya kupanga, aliunda chama cha kutetea wenyeji na kukusanya sahihi 1,814 katika barua ya kumwomba Mfalme wa Uingereza awape watu wake mjumbe katika Bunge. Serikali ya Australia ikaamua mwaka 1938 kutoipeleka barua hiyo kwa Mfalme. Mzee aliandika barua kwa mkono wake usiku na mchana, lakini nani alimjua? Nicholls alijulikana na kila mtoto wa mtaani. Hivyo wawili hao walihitajiana, mmoja alikuwa na maneno na mwingine alikuwa na masikio ya watu.

Tarehe 26 Januari 1938 Wazungu wa Australia walisherehekea miaka 150 tangu merikebu zao za kwanza kutia nanga Sydney. Siku hiyo hiyo wenyeji walikutana katika ukumbi mmoja wa Sydney wakaiita Siku ya Maombolezo, na Nicholls alikuwamo. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Februari 1939, watu wa Cummeragunja wakachoka na meneja wao. Watu karibu 200 waliondoka, wakavuka mto Murray kuingia jimbo la Victoria, wakapiga kambi ng'ambo. Wengi hawakurudi tena. Baadhi yao walikwenda hata Melbourne, wakapanga vyumba katika mtaa wa Fitzroy, mtaa ule ule ambao klabu yake iliuwakilisha.

Vita vilipokuja Nicholls aliitwa jeshini, lakini mwaka 1942 aliachiliwa kwa maombi ya polisi wa Fitzroy. Ajabu, si hivyo? Polisi wale wale, kama si watu wale wale, waliomchukua dada yake, sasa walimtaka arudi awasaidie, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine ambaye watu weusi wa mtaa ule walimsikiliza. Kulikuwa na ulevi na umaskini mwingi, na kesi kila juma. Nicholls alikwenda mahakamani kuwasemea, akawatafutia kazi, akazika wafu wao. Mwaka 1943 kanisa la wenyeji likafunguliwa katika barabara ya Gore, Fitzroy, naye akawa mchungaji wake.

Desemba 1942 alikuwa amemwoa Gladys, mjane wa ndugu yake Howard aliyekufa kwa ajali ya motokaa, akawalea watoto watatu wa marehemu pamoja na waliozaliwa baadaye. Wazee wetu hawataliona jambo hilo kuwa geni. Gladys alifanya kazi sawa na mumewe: alifungua maduka ya nguo kuukuu ili kupata fedha, akasimamia hosteli ya wasichana waliotoka mashambani kuja kutafuta kazi mjini. Watu wanaosimulia habari za mchungaji bila kumtaja mama huyu wanasimulia nusu tu.

Mapema mwaka 1957 Nicholls alisafiri na mbunge mmoja wa jimbo la Australia Magharibi, William Grayden, hata milima ya Warburton katikati ya jangwa. Serikali ilikuwa imekata sehemu ya nchi iliyotengewa wenyeji ili kujenga kituo cha hali ya hewa kwa ajili ya majaribio ya silaha za Uingereza. Walikuta watoto wamekonda kwa njaa, na wagonjwa wasio na daktari. Walipiga picha za sinema, na picha hizo zikaonyeshwa katika kumbi za makanisa na vyama. Watu wa mijini ambao hawakuwahi kuamini sasa waliona kwa macho. Katika mwaka huo huo chama cha kuwaendeleza wenyeji wa asili kikaundwa Melbourne, Nicholls akawa mtumishi wake wa kuzunguka nchini.

Mwaka huo pia aliingia katika halmashauri ya serikali ya Victoria ya ustawi wa wenyeji. Hapa ndipo nampima mtu. Wengi wakipewa kiti hunyamaza. Halmashauri ilitaka kuwahamisha watu wa Lake Tyers na kuifunga ardhi yao. Nicholls alipinga, na aliposhindwa alijiuzulu mwaka 1963, akaandamana na watu barabarani. Ardhi ile haikufungwa. Mwaka 1965 ilitangazwa kuwa ya wenyeji daima, na sheria ya mwaka 1970 ikaiweka mikononi mwa wakaazi wenyewe.

Kisha ikaja kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967, ambayo Nicholls na wenzake waliipigania miaka kumi. Wengine husema kura hiyo ndiyo iliyowapa wenyeji haki ya kupiga kura. Sivyo; haki hiyo katika uchaguzi wa Bunge la nchi nzima walikwisha kuipata mwaka 1962. Kura ya 1967 ilibadili Katiba mahali pawili: ilifuta kifungu kilichosema wenyeji wasihesabiwe katika idadi ya watu, na ikaipa serikali kuu mamlaka ya kutunga sheria juu yao, badala ya kuwaachia wakuu wa majimbo peke yao. Waliokubali walikuwa zaidi ya 90 kwa kila 100.

Katika mahubiri yake Nicholls alipenda mfano wa kinanda: vibao vyeupe peke yake vyaweza kutoa wimbo, na vyeusi peke yake pia, lakini wimbo mkamilifu wataka vyote viwili. Wasomaji wengine watashtuka, maana mfano huo twaujua. Ni wa Dokta Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo, yule aliyezuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Neno la Mwafrika lilivuka bahari likapata kazi katika kinywa cha mtu mweusi wa Australia.

Si wote walioupenda mfano huo. Mwisho wa miaka ya 1960 vijana wengi wa Melbourne walisema mchungaji ni mpole mno, kwamba kinanda chenyewe ni mali ya Wazungu na wao ndio wanaochagua wimbo. Siwezi kusema vijana wale walikuwa na makosa. Lakini walikutana katika nyumba ya chama ambacho mzee yule alikijenga, na wengi wao walikuwa wamekula mezani kwa Gladys.

Mwaka 1972 Malkia alimpa cheo cha Sir, wa kwanza katika watu wake. Tarehe 1 Desemba 1976 aliapishwa kuwa Gavana wa jimbo la Australia Kusini, naye pia akawa mwenyeji wa kwanza kukalia kiti kama hicho. Hakukikalia sana. Mwezi uliofuata alipatwa na kiharusi. Hata hivyo alimpokea Malkia alipozuru mwezi wa Machi, kisha akajiuzulu tarehe 30 Aprili 1977. Gladys alifariki mwaka 1981, naye mwenyewe tarehe 4 Juni 1988.

Klabu ya Fitzroy haiko tena peke yake; mwaka 1996 iliunganishwa na ile ya Brisbane. Tangu mwaka 2016 ligi kubwa imeliita kwa jina la Sir Doug Nicholls juma lile la michezo linalowaheshimu wenyeji wa asili, ambapo klabu zote huvaa jezi zilizochorwa na wasanii wao, na Carlton wamo. Katika bustani ya Bunge huko Melbourne imesimama sanamu yake tangu mwaka 2007, na Gladys kando yake. Lakini kaburi lake haliko Melbourne. Alipewa mazishi ya serikali, kisha akapelekwa Cummeragunja akazikwa kando ya mto, katika ardhi ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kurudishwa kwa Wayorta Yorta.